Mvua Haingoji Mkutano

*Maneno ya hotuba kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya Kitengela na Kajiado, kuhusu kupanga kazi na kuhesabu muda*



  Tunajua wengine mmetoka mbali, wa Mashuuru na wa Ilbissil mmeamka kabla ya jogoo, na wa Kitengela mmeacha biashara zenu asubuhi ya soko. Kwa hiyo hatutapoteza muda wenu, maana hata muda wenyewe ndio habari ya leo.

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kila kikundi kinalijua: kazi kutomalizika siku iliyopangwa. Tunapotembelea vikundi tunaona mengi mazuri. Tunaona umoja, tunaona michango, tunaona katiba zilizoandikwa vizuri. Lakini pia tunaona misingi ya nyumba iliyoota majani, matangi yasiyo na kifuniko, na mashimo ya silanga yaliyochimbwa nusu. Ukiuliza, utaambiwa fedha ziliisha, au watu wamelegea. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi tatizo lilianza mapema zaidi, siku ile kikundi kilipokubaliana tarehe bila kuhesabu kazi.

Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sisi wa nchi kavu tunaweza kusema, ukichelewa utakuta maji yamekwisha kupita.

Tarehe ya nani?

Kwanza tutofautishe tarehe mbili. Kuna tarehe tunayoiweka sisi wenyewe, na kuna tarehe tunayowekewa.

Tarehe yetu wenyewe inaweza kusogezwa. Kikundi kikisema kitapaka rangi ofisi yake kabla ya Krismasi, kisha kikapaka Januari, hakuna mtu atakayelala njaa.

Tarehe tunayowekewa haisogei. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mfadhili akitaka taarifa ya matumizi mwisho wa mwezi, anaitaka mwisho wa mwezi. Na kubwa kuliko zote ni mvua. Hapa kwetu mvua ndefu huja Machi hadi Mei, na mvua fupi Oktoba hadi Desemba. Mvua haisomi kumbukumbu za mkutano wetu. Mwenyekiti hawezi kuiandikia barua kuomba wiki mbili zaidi.

Tumeyaona haya kwa macho yetu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana au ikawa haba, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakafa kandokando ya barabara. Halafu mwaka 2024, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, maji yaliingia ndani ya nyumba za watu hapo Kitengela. Nchi ni ile ile. Maji yanapokuja, huja mengi kwa siku chache, na asiyekuwa tayari huyaona yakienda zake mpaka Mto Athi.

Kwa hiyo tukisema kikundi kimechelewa, tusifikiri ni aibu tu mbele ya mgeni aliyekuja kukagua. Tufikiri ni lita ngapi za maji zimepotea. Hebu tufanye hesabu.

Hesabu ya silanga moja

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 30 wanaotaka kuchimba silanga kwa mikono, kwa jembe, sururu, karai na wilbaro. Wamekubaliana urefu uwe mita 20, upana mita 15, na kina mita 2. Zidisha: 20 mara 15 ni 300, mara 2 ni 600. Kwa hiyo kuna mita 600 za udongo wa kutoa, yaani masanduku 600 ambayo kila moja lina urefu, upana na kina cha mita moja. Kingo zikilazwa kidogo, udongo utapungua, lakini ni afadhali kukadiria kazi kubwa kuliko kukadiria ndogo.

Sasa, mtu mmoja anachimba na kutoa udongo kiasi gani kwa siku? Msikadirie mkiwa mmekaa kwenye kiti. Nendeni mahali penyewe, pimeni sanduku moja la mita moja kwa mita moja, mpeni mtu wa kawaida achimbe, wala si yule kijana mwenye nguvu kuliko wote. Andikeni saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Udongo mweusi unaonata una mwendo wake, na murramu ina mwendo wake. Tuseme mmeona kwamba mtu mmoja anamaliza sanduku moja kwa siku. Basi silanga inataka siku 600 za mtu mmoja.

Watu 30 wakija siku mbili kila wiki, wanatoa siku 60 kwa wiki. Gawa 600 kwa 60, unapata wiki 10. Kikundi kinafurahi. Kinasema, tuanze wiki ya kwanza ya Januari, katikati ya Machi tutakuwa tumemaliza, mvua itukute tayari.

Sawa? Hapana, si sawa. Fungueni kitabu chenu cha mahudhurio cha mwaka jana. Je, siku za kazi walikuja watu 30? Mara nyingi mtakuta ni 20. Mmoja amefiwa, mwingine ana mtoto mgonjwa, wengine wamehama na ng'ombe kutafuta nyasi. Januari na Februari ndio wakati wa jua kali, na ndio wakati mifugo inapohamishwa. Watu 20 kwa siku mbili ni siku 40 kwa wiki. Gawa 600 kwa 40, ni wiki 15. Katikati ya Machi mtakuwa mmechimba mita 400 tu.

Zilizobaki ni mita 200, na kila mita moja ni lita 1,000. Hizo ni lita 200,000. Ng'ombe mzima wakati wa kiangazi anaweza kunywa lita 30 kwa siku, na ng'ombe 100 wanakunywa lita 3,000. Kwa hiyo maji ambayo hayatapata mahali pa kukaa yangenywesha ng'ombe 100 kwa zaidi ya siku 60. Hata tukitoa yanayonywewa na jua na yanayozama ardhini, bado ni mwendo mrefu ambao mama na punda wake wasingeutembea.

Na shimo la nusu lina hatari nyingine. Likiwa halina njia ya kutolea maji yanayozidi, mvua kubwa hubomoa ukingo na kulijaza tope. Msimu ujao mtaanza kwa kuchimba mlichokwisha kuchimba.

Hesabu hiyo hiyo inatuonyesha njia. Tukianza wiki ya kwanza ya Juni, baada ya mvua ndefu, wiki 15 zinatufikisha katikati ya Septemba. Zinabaki wiki mbili za akiba kabla ya Oktoba. Ama tukitaka lazima Januari, basi tuchimbe silanga ndogo zaidi tutakayoimaliza, tuiongeze mwaka unaofuata. Ama tutafute trekta. Njia zote tatu ni nzuri. Mbaya ni ile ya nne: kuanza bila kuhesabu na kumwachia Mungu hesabu ambayo ametupa akili ya kuifanya. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza chini akahesabu kama anacho cha kumalizia. Kukaa chini kuhesabu si upungufu wa imani.

Kazi kubwa ikatwe vipande

"Kuchimba silanga" si kazi moja. Ni jina la kazi nyingi. Tukiandika kwenye daftari "silanga iishe Septemba", tumeandika matumaini. Tuikate vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kumalizika kwa siku chache, na ambavyo mtu yeyote akiangalia anaweza kusema kimekwisha au hakijaisha.

Kwa mfano wetu vipande ni hivi:

1. Kukubaliana na mwenye shamba kwa maandishi, yeye pamoja na mke wake, mbele ya mashahidi. Zamani ardhi nyingi hapa ilikuwa ya ranchi za kikundi. Siku hizi sehemu kubwa imegawanywa na kila mtu ana hati yake, na upande wa Kitengela ploti huuzwa na kununuliwa kila siku. Msichimbe hata karai moja kabla ya karatasi hiyo.
2. Kumwita ofisa wa maji aangalie mahali, mteremko na udongo kama unashika maji.
3. Kukusanya vifaa na kuvitengeneza mipini.
4. Kufyeka na kupima kwa kamba na vigingi.
5. Kuchimba.
6. Kutengeneza njia ya maji yanayozidi, na shimo dogo la kunasa tope pale maji yanapoingia.
7. Kuzungushia ua wa miiba.
8. Kuandika kanuni za matumizi: nani anachota, mifugo inanyweshwa wapi, nani anasafisha tope.

Sasa ulizeni: kipi hakiwezi kuanza mpaka kingine kiishe? Kuchimba kunangoja karatasi ya shamba na neno la ofisa wa maji. Lakini vifaa na kanuni havingoji. Wakati katibu anamfuatilia ofisa, wengine wanatengeneza mipini. Hivyo wiki tatu za kungoja hazipotei bure. Vikundi vingi hupoteza muda kwa sababu kila mtu anangoja jambo moja wakati kuna mengine manne ya kufanya.

Majirani zetu wa Machakos wana mengi ya kutufundisha hapa. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake wachache walianzisha kikundi cha kujisaidia cha Utooni, na kikundi hicho kikajulikana kwa kujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu. Ukuta wa bwawa la mchanga hujengwa mto ukiwa mkavu. Mawe hayaanzi kuokotwa siku fundi anapofika. Wanakikundi huyakusanya mapema na kuyapanga marundo, ili saruji ikifika isilale.

Na saruji ni fundisho jingine, kwamba mapema si kila mara vizuri. Saruji ikikaa ghalani miezi mitatu hupoteza nguvu. Kikundi kinachojenga tangi kisinunue saruji yote siku fedha zinapoingia ati kisije kikazila. Kinunue kwa kadiri ya kazi ya wiki zile. Tena zege likishamwagwa linataka kumwagiliwa maji si chini ya siku saba. Je, maji hayo yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na nani atayabeba? Hicho nacho ni kipande cha kazi, kiandikwe.

Kila kipande kiwe na mwenyewe

Kazi ya wote ni kazi ya hapana mtu. Tukisema "kamati itashughulikia", kila mwanakamati anafikiri mwenzake anashughulikia.

Someni Kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Lakini sisi wa vikundi tuisome kwa makini, maana ile ni orodha ya kazi. Nehemia alitaka kujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Hakusema "wote jengeni". Kila jamaa walipewa sehemu yao, wengi mbele ya nyumba zao wenyewe, na majina yao yakaandikwa na mahali walipoanzia na walipoishia. Wameandikwa makuhani, wafua dhahabu na wafanya biashara. Ameandikwa Shalumu pamoja na binti zake, kwa hiyo kazi ya wanawake haikufichwa. Na wakuu wa Tekoa waliokataa kutia mabega yao kazini nao wameandikwa! Mpaka leo tunawasoma. Na ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Basi mbele ya kila kipande tuandike jina la mtu mmoja. Si kwamba ataifanya peke yake. Yeye ndiye tutakayemuuliza. Na tuandike siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mtu akubali mwenyewe mbele ya wenzake, asipewe kazi akiwa hayupo. Tunajua vikundi vina tabia hiyo, asiyekuja mkutanoni ndiye anayebebeshwa.

Kalenda ya ukutani

Orodha ikiwa ndani ya daftari, na daftari likiwa ndani ya sanduku la katibu, haisaidii mtu. Iwekwe mahali pa kuonekana.

Chukueni karatasi kubwa ya manila. Upande wa kushoto andikeni vipande vya kazi, kimoja chini ya kingine. Juu andikeni wiki, ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho. Kisha mbele ya kila kipande pigeni mstari kuanzia wiki ya kuanza mpaka wiki ya kumaliza. Mchoro wa namna hii ulienezwa miaka ya 1910 na mhandisi wa Marekani, Henry Gantt, na hata leo makampuni makubwa yanautumia. Sisi tunahitaji manila, rula na kalamu mbili za rangi. Rangi moja ni ya mpango. Rangi ya pili ni ya kazi iliyofanyika kweli, na hupigwa chini ya ule wa kwanza kila wiki. Mistari miwili ikiachana, kila mtu anaona, hata asiyesoma.

Na kwa wale wasiosoma, tumieni picha: jembe kwa kuchimba, mti wa miba kwa ua. Akina mama wanaoshona shanga wanaweza kuhesabu kwa uzi: shanga moja kwa kila sanduku lililochimbwa. Uzi wa shanga 600 ukijaa, silanga imekwisha. Hesabu si mali ya waliokwenda shule tu.

Kabla ya kupiga mistari, toeni kwanza siku zisizo za kazi. Toeni Jumapili, toeni siku ya soko, toeni wiki ya Pasaka na wakati wa sherehe za kutahiri pale zinapofanywa. Upande wa Kitengela wanachama wengi wana ajira, wengine wanafanya zamu katika viwanda vya Athi River. Msiwapangie Jumanne kisha muwaite wavivu. Wapangieni Jumamosi, au mkubaliane tangu mwanzo kwamba asiyeweza kuja atalipa kiasi anacholipwa kibarua wa siku moja. Lililokubaliwa mapema ni utaratibu. Likizushwa katikati ni ugomvi.

Daftari la muda

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo vikundi vichache sana hulifanya. Kupanga tunapanga. Lakini kuandika muda uliotumika kweli, hatuandiki. Kwa hiyo kila mradi mpya tunaanza kukadiria upya, na tunakosea kwa kadiri ile ile.

Chukueni daftari la kawaida, pigeni mistari ya safu nne. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni kazi gani. Ya tatu ni nani walikuja, wakaanza saa ngapi na kuacha saa ngapi. Ya nne ni nini kimekamilika, kwa kipimo. Msiandike "tulifanya kazi vizuri". Andikeni "masanduku 17". Mfano: watu 21, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, masanduku 17. Dakika tano zinatosha kuandika, pale pale kazini kabla ya watu kutawanyika, maana kesho hakuna anayekumbuka sawasawa. Wenye simu waupige picha ukurasa na kuutuma kwa kikundi, lakini daftari ndilo shahidi. Ujumbe wa simu hupotea katikati ya salamu na matangazo ya mazishi.

Mwisho wa wiki jumlisheni. Mlipanga siku 60, mmepata 42. Basi msingoje mwezi wa tatu kujua kwamba mmechelewa. Gawa 600 kwa 42, mtaona kwamba kwa mwendo huu ni wiki 14 na zaidi, wala si 10. Mmejua katika wiki ya kwanza. Katika wiki ya kwanza mna nafasi ya kuongeza siku, kupunguza shimo au kuomba trekta. Katika wiki ya tisa mna nafasi ya kulaumiana tu.

Mkutano wa kila wiki usizidi robo saa, mkiwa mmesimama kando ya kazi, na maswali yawe matatu: Nini kimekwisha? Nini kimekwama? Nani atakikwamua na lini? Mengine yangoje mkutano wa mwezi.

Kazi isiyoonekana

Hapa tunaomba akina baba mtusikilize vizuri. Tunapohesabu siku za kazi, je, tunahesabu zote?

Mama aliyechota maji ya kunywa ya wachimbaji, akatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, amefanya kazi saa ngapi? Nne. Aliyepika? Aliyebaki na watoto wa wenzake ili wao wachimbe? Katibu aliyekwenda ofisini Kajiado mara tatu kufuatilia cheti cha kikundi, akaambiwa njoo kesho? Zote hizo ni saa za mradi. Zisipoandikwa yanatokea mabaya mawili. La kwanza, mpango unakuwa wa uongo, kwa sababu watu tuliodhani wanachimba wako njiani na mitungi. La pili, dhuluma inaingia: siku ya kugawana maji, au siku ya kuamua nani atanywesha kwanza, mwenye kuchimba anaonekana ndiye mwenye haki, na mwenye kubeba maji hana jina.

Kwa hiyo andikeni. Msishangae mkiona daftari linaonyesha kwamba akina mama wametoa saa nyingi kuliko ilivyosemwa kwenye mikutano. Mkiona hivyo, msifunge daftari. Badilisheni mgawanyo wa kazi. Labda mkokoteni mmoja wa punda, uliokodiwa kwa siku, utawarudisha watu wanne kwenye kuchimba.

Lakini tena, daftari lisigeuzwe kiboko. Mjamzito, mgonjwa na mzee wapewe kazi wanayoiweza, na iandikwe kwa heshima. Na msiandike saa za uongo kumfurahisha mfadhili. Ukiandika watu 30 na walikuja 18, mwakani utapewa mradi wa watu 30, na hao 12 hutawapata popote.

Mpango ukiharibika

Utaharibika. Tusidanganyane. Ukame utazidi na nusu ya familia zitahama na mifugo. Mwamba utatokea mahali ambapo hakuna aliyeutegemea. Fedha za awamu ya pili zitachelewa. Ndiyo sababu tuliacha wiki mbili za akiba, na tunawashauri kila mpango uwe nazo. Akiba hiyo isitumiwe mwanzoni kwa kuanza kwa uvivu. Ni ya dharura.

Likitokea jambo kubwa kuliko akiba, iteni mkutano siku zile zile, mpange upya kwa uwazi na muandike sababu. Ikiwa kuna mfadhili, mwandikieni kabla ya tarehe kufika. Ombi la muda linaloletwa mapema, pamoja na daftari linaloonyesha kilichofanyika, husikilizwa kuliko udhuru unaoletwa tarehe ikiwa imepita. Na kama msimu unakaribia, malizeni kwanza vile vipande vinavyolinda kazi iliyokwisha kufanywa. Shimo dogo lenye njia ya maji na ua ni mali. Shimo kubwa bila hivyo ni mtego wa ndama na watoto.

Kazi ya nyumbani

Hatutaki mwondoke na maneno tu. Kila kikundi kifanye mambo haya kabla hatujatembeleana tena:

Kwanza, chagueni mradi mmoja tu, ule ulio karibu zaidi na msimu.

Pili, andikeni tarehe isiyosogea, kisha mhesabu kurudi nyuma, wiki kwa wiki, mpaka mfike siku ya kuanza. Sikilizeni pia utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa. Mkikuta siku ya kuanza imekwisha kupita, punguzeni kazi leo, msipunguze usingizi baadaye.

Tatu, kateni kazi vipande, kila kipande na mwenyewe.

Nne, fungueni daftari la muda siku ya kwanza ya kazi, si ya pili. Mchagueni mtu wa kuliandika ambaye si mwenyekiti, ili mwenyekiti naye aandikwe.

Tano, mradi ukiisha, kaeni pamoja mlinganishe mliyopanga na yaliyotokea. Ukurasa huo ndio utakaofanya mradi wa pili uwe rahisi kuliko wa kwanza. Tena msiutupe. Vijana watakaoshika uongozi baada yenu watauhitaji.

Wazee wetu hapa hawakuwa na saa mkononi, lakini walijua siku ya kuhama na siku ya kurudi, na aliyekosea alilipa kwa ng'ombe. Sisi tuna saa, tuna kalenda, tuna simu. Hatuna sababu ya kukutwa na mvua mashimo yakiwa nusu.

Sasa tutaketi kwa vikundi, kila kikundi na karatasi yake ya manila. Mwenye swali aulize, na mwenye hesabu tofauti na yetu aitoe, maana udongo wenu mnaujua ninyi.

Mungu awabariki, na abariki kazi ya mikono yenu.